Kidonge Baada ya Nadhiri

Damu yangu ilikataliwa siku ile dada yangu alipojifungua kwa kupasuliwa. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa buibui, nimekaa tayari, na nilikuwa nimewatambia wenzangu pale kwenye benchi la hospitali kwamba mimi sindano siiogopi. Wakamchukua shemeji yangu, wakamchukua jirani yetu, mimi nikaambiwa ningoje kidogo. Dada akatoka salama, mtoto akalia, na mimi bado nangoja. Mwisho nikaitwa chumba cha pembeni nikaambiwa nina homa ya ini, ile inayoitwa B, na kwamba si ya jana wala ya juzi.

Nikajibu kwamba mimi ini halijawahi kuniuma. Daktari akasema ini halina desturi ya kulia, mtu hukaa nalo miaka bila kulisikia. Namwita daktari, ingawa yeye mwenyewe alinisahihisha siku ile ile, akasema yeye ni afisa wa kliniki tu. Lakini hapa Amu, yaani Lamu, aliyevaa koti jeupe na akakupima ni daktari, hatuna muda wa kugawa vyeo. Ni mwanamke wa bara, mdogo wangu kwa miaka mingi, ana msalaba mdogo shingoni na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Nilimdhania mkali. Nilimkosea, kwa sababu alikuwa amechoka tu.

Damu ikapelekwa Mombasa, tumbo likapigwa picha. Majibu yalipokuja yalisema virusi ni vingi sana na ini limeanza kufanya makovu. Mume wangu na watoto wetu watatu wakapimwa, wote wakawa salama, wakachanjwa. Mimi nikaandikiwa kidonge kimoja kila siku. Hapa ndipo kalamu yangu inaposita, maana jambo lote hili linazunguka swali moja: niliambiwa nikimeze mpaka lini? Ninavyokumbuka mimi, alisema muda mrefu. Na kwetu sisi dawa ya muda mrefu ni ile ya kifua kikuu, miezi sita, mtu akimaliza hupigiwa makofi.

Nilikimeza kwa mwaka mmoja na miezi minane. Sijisifu, lakini sikuruka hata siku moja. Asubuhi baada ya swala, na Ramadhani pamoja na daku. Chupa ilikuwa inalia kama kayamba nikiitikisa, nikaishindilia pamba. Dawa ilitolewa dirisha lile lile wanalochukulia wenye ukimwi, na siku moja wanawake wawili wa mtaani kwetu waliniona hapo. Siwezi kusema walinisengenya, sikuwasikia. Niliona tu walivyoangaliana. Tangu hapo nikawa nabeba kikapu na kuweka ndizi juu.

Kazi yangu ni kushona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, ambazo moja hula miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo kungoja ninakujua. Nilikuwa nahesabu kwamba dawa nayo ni kazi ya kungoja, itafika ukingoni kama kofia inavyofika.

Kisha siku moja daktari akanipa karatasi ya Mombasa. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini mimi nimefika darasa la saba, neno moja moja nalijua. Akaninyooshea kidole mahali: virusi havikuonekana. Nikasoma mara ya pili. Pale ambapo mwanzo palikuwa na tarakimu zilizojaa mstari mzima, sasa hapakuwa na kitu. Nilihisi nywele zinanisimama ndani ya mtandio. Kidonge kidogo kuliko kunde kilikuwa kimefagia mwili mzima wa mtu, kimya kimya, huku mimi napika, nashona, nagombana na watoto. Daktari akasema, "Hongera, mama. Dawa inafanya kazi. Endelea hivyo hivyo."

Alisema endelea. Nina hakika nalo, nisimsingizie. Lakini neno hongera lina sauti kubwa, likisemwa la pili halisikiki.

Nikampigia simu mama yangu, yuko Pate, katika nyumba niliyozaliwa. Nikamwambia, "Mama, wamepima, hakikuonekana kitu." Halafu nikasikia anamshukuru Mungu kwa sauti ya chini, maneno yanafuatana kama maji yanayotoka mtungini. Ndipo akaniambia jambo ambalo alikuwa amelificha muda wote: kwamba siku aliyopata habari ya ugonjwa wangu aliweka nadhiri, nikipona atachinja mbuzi wake na kusoma maulidi na kulisha watu.

Asiyejua mambo ya nadhiri huenda akaona ni karamu tu. Nadhiri ni ahadi uliyomwekea Mungu kwa sharti. Sharti likitimia, huna haki ya kulala juu yake. Mama hakutaka kusikia habari ya kungoja hata mwezi. Wiki iliyofuata tukavuka kwenda Pate, mimi na mume wangu na watoto, na uwanja wa mama ukajaa wanawake, udi ukafuka, sinia za pilau zikatoka. Mama alikuwa ameichukua karatasi yangu. Yeye husoma herufi za msahafu, hizi nyingine hazijui, lakini aliishika kwa mikono miwili na kuwaonyesha watu pale ambapo hapakuwa na kitu. Watu wakapaangalia. Maulidi yakasomwa, tukarushiwa marashi, na mimi nililia mpaka wanja ukanichafua uso. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama mama alivyokuwa siku ile, na siku yangu ya harusi naijumlisha humo.

Asubuhi yake nikatoa chupa nikamimina maji kikombeni. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa amekaa mlangoni anasugua sufuria. Akasema, "Nadhiri ishaliwa, mbuzi wa watu katafunwa mpaka kwato, na wewe wameza nini tena?" Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikairudisha chupa mkobani.

Nimejaribu kuandika mara tatu kwa nini niliirudisha. Mara ya kwanza niliandika kwamba mama alinikataza, nikafuta, kwa sababu mama hakusema neno. Mara ya pili nikamtupia shangazi. Lakini shangazi alikuwa akitania, na angekuwa amenitania hata kama nameza pipi. Ukweli ni kwamba niliona haya, na haya yenyewe haikuwa ya watu. Nilihisi kumeza kidonge baada ya ile shukurani ni kama kumwambia Mungu ahsante kwa ulimi, na kwa mkono kumwambia sina hakika. Nilidhani ndiyo adabu. Hata sasa, ninayajua niliyoyajua baadaye, siwezi kuicheka sana ile fikira. Ilikuwa na heshima ndani yake. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa karibu iniue.

Niliporudi Amu sikwenda tena dirishani. Kliniki wakanipigia simu mara mbili. Mara zote mbili nilisema niko Pate namuuguza mama. Nilikuwa jikoni kwangu, na mama alikuwa mzima wa afya.

Miezi mitano ikapita, vizuri kabisa. Nikanenepa kidogo. Kisha nikaanza kuchoka, uchovu wa mtu aliyebeba mawe, na harufu ya mafuta ikawa inanitoa jikoni. Mkojo ukageuka rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Nikajiambia ni joto, sinywi maji. Mume wangu hufanya kazi ya bustani Ras Kitau, kwenye hoteli moja, na huvuka kuja nyumbani Alhamisi jioni. Alhamisi ile alinitazama akacheka, akasema, "Leo mato yako umeyatia binzari?" Nikaenda kwenye kioo kuyatazama macho yangu. Akaja nyuma yangu, akaona ninachokiona, na kicheko kikamkauka. Mpaka leo huomba radhi kwa maneno yale, nami humwambia ndiyo yaliyonifikisha hospitali.

Daktari alikuwa yule yule. Alinivuta ukope chini kwa kidole, akaniuliza dawa nimeacha lini. Hakuuliza kama nimeacha. Nikamwambia nimeacha nadhiri ilipoliwa. Nilijiandaa kugombezwa, hata uso nilikuwa nimeuinamisha tayari. Badala yake akavuta stuli akakaa, akaniambia nimweleze nadhiri ni nini, tangu mwanzo, kwa sababu kwao hakuna. Nikamweleza, na mbuzi, na karatasi, na shangazi na sufuria yake. Alisikiliza yote.

Akasema, "Basi hata mimi nimo kwenye kosa hili. Nilikupa hongera, sikukuambia ni hongera ya nini."

Nataka haki itendeke hapa, kwa hiyo naandika na upande wake. Alifungua faili akanionyesha maandishi yake ya siku ya kwanza: ameelezwa kwamba akianzishiwa dawa ni ya miaka mingi, pengine ya maisha, asiiache mwenyewe. Mimi sikumbuki kuambiwa maisha. Lakini siku ile dada yangu alikuwa bado hajaamka, na masikio yangu yalikuwa wodi ya pili. Nahukumu hivi: alisema, na mimi nilisikia nusu.

Kisha akanieleza, na nitaandika nilivyoelewa, nikikosea kosa ni langu. Kile kipimo cha Mombasa huvitafuta virusi vinavyoelea katika damu. Dawa huvizuia visizaane, basi damu husafika. Lakini ndani ya chembe za ini, katika kiini chenyewe, kirusi kimeweka asili yake, imelala kama mbegu, na dawa hii haina mkono wa kufika huko kuing'oa. Ukiacha dawa, mbegu inaota. Mwili nao ukiona adui amejaa ghafla huamka kumpiga, na uwanja wa vita ni ini. Manjano ya macho yangu yalikuwa moshi wa vita hiyo.

Nikamuuliza imelala humo tangu lini. Akasema hawezi kuapa, ila watu wengi wenye ugonjwa huu wa kudumu waliupata wakizaliwa au wakiwa wadogo sana. Mimi nina miaka arubaini na moja. Nililala usiku huo na sindano ya maji mkononi nikifikiria kwamba kulikuwa na kitu ndani yangu kabla sijajua kuita mama, kimekaa nami chuoni nikisoma msahafu, kimeolewa pamoja nami, kimekaa kimya katika mimba tatu, na watoto wangu kikawapita kwa rehema ya Mungu tu. Na mimi nilitaka kitoke kwa mwaka mmoja na miezi minane. Sikuogopa kwanza. Nilistaajabu. Hofu ilikuja baadaye.

Ilikuja kwa sababu nilirudishiwa dawa na vipimo vikaendelea kupanda. Siku ya pili vilipanda, siku ya tatu vilipanda. Daktari hakunificha: ini la mtu likichemka hivi huweza kutulia, na huweza kushindwa kabisa, na likishindwa, huku kwetu hakuna la kufanya. Mume wangu akakaa kando ya kitanda siku zote, hakwenda Ras Kitau. Siku ya nne vipimo vikasimama. Siku ya sita vikashuka. Siku ya nane nikaruhusiwa kwenda nyumbani, na daktari akaniambia ini ni nyama inayojijenga upya, ukiipa nafasi. Mimi maisha yangu yote nimeshika kitambaa. Sijaona kitambaa kilichochanika kikajiziba chenyewe.

Kabla sijatoka nilimuuliza ni kipimo gani basi kitakachosema imetosha. Akasema ni kile cha kwanza kabisa, kilichoikataa damu yangu, kinachotafuta ganda la kirusi. Siku kitakaposema hakuna, na kikarudiwa kikasema hakuna, hapo baadhi ya watu huachishwa dawa. Wapo wanaofika. Si wengi. Na kwa makovu yangu, hata nikifika hapo, tutakwenda kwa kunyata.

Sasa lilibaki jambo moja, nalo ndilo lililokuwa gumu. Hospitali nilimeza kwa sababu muuguzi alisimama mbele yangu. Nyumbani nilijijua. Maadamu mama anaamini nadhiri yake ilitimia, mimi ningekuwa nameza kwa kificho, na jambo la kificho mtu huliangusha njiani siku moja. Nikiliangusha tena sitarudi. Daktari alinitazama machoni aliponiambia hilo. Basi ilikuwa lazima mama ajue.

Nikavuka kwenda Pate nikiwa bado nina manjano. Mama alikuwa amejua nililazwa, lakini alidhani ni malaria. Nikamwambia yote, pamoja na uongo wa kwamba namuuguza. Hilo la uongo alilicheka kidogo. Halafu akawa ananyoosha upindo wa kanga yake.

"Basi nalimshukuru Mngu kwa lisilokuwa," akasema.

Nikamwambia lilikuwa. Karatasi haikusema uongo, ilisema ilichokiona. Akauliza hicho kitu kimekaa ndani yangu muda gani. Nilitaka kulizunguka, nikashindwa. Nikasema pengine tangu nizaliwe, pengine tangu utotoni, daktari mwenyewe hana hakika. Mama akanitazama.

"Ni mimi, basi."

"Hakusema hivyo, mama. Alisema pengine."

Mchana akajifunga buibui akaenda kwa mwalimu wake wa chuo, mzee anayemwuliza mambo ya dini tangu ujana. Akarudi na jawabu kwamba chakula walicholishwa watu kwa jina la Mungu hakipotei, kimeandikwa sadaka, na nadhiri ingalipo inangoja sharti lake. Alinieleza hayo bila kuketi. Kisha akasema kesho tunafuatana Amu, ataka kumwona huyo daktari kwa mato yake mwenyewe.

Niliogopa watagombana. Mama akitaka kumuaibisha mtu hukaa wima sana, na aliingia chumba kile akiwa amekaa wima kabla hajapata kiti. Daktari akamwamkia shikamoo, akampima kwanza. Tone la damu la kidoleni, kikaratasi, dakika za kungoja. Tukakitazama wote watatu vichwa vimekaribiana. Ukatoka mstari mmoja, wa pili haukutoka.

"Hana ugonjwa," daktari akasema. "Kama aliwahi kuwa nao zamani, mwili ukaushinda wenyewe, hiki hakiwezi kutuambia. Huwatokea watu wazima wengi."

Mama akauliza kama maana yake si yeye aliyenipa. Daktari akamjibu kwamba hilo pia halimo katika kile kikaratasi, na yeye hatalitia. Niliona mabega ya mama yakishuka kidogo. Sijui kama ni nafuu au ni nini. Mimi mwenyewe nilikuwa bado kwenye yale maneno ya kwanza: kwamba huenda jambo ambalo dawa hailiwezi, mwili wa mama yangu ulilifanya zamani, akiwa shambani anachuma tumbaku, bila mtu kujua, bila karatasi, bila mbuzi.

Ndipo mama akauliza alilolijia.

"Na huyu mwanangu, dawa ni mpaka lini?"

Daktari hakuangalia faili. Aliweka mikono mezani akamwangalia mama.

"Sijui, Bi. Miaka mingi. Pengine maisha yake yote. Tutakuwa tunapima, lakini siku yenyewe siijui."

Nilimkonyeza mama asiseme neno. Hakunitazama. Akasema polepole kwamba tangu baba yangu alipougua mpaka alipozikwa, alimpeleka kwa watu wengi. Mmoja alitoa siku saba. Mmoja arubaini. Mmoja kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa za kunywa, asubuhi tatu. Kule Ndau alikuwapo mtu aliyesema mwezi ukiandama tu. Wote walikuwa na hesabu, na wote alizitimiza hesabu zao.

Akanigeukia. "Huyu asema hayui," akasema. "Huyu mfuate."

Daktari alishusha macho, akajifanya anatafuta kalamu. Mama hakuwa amemaliza. Alimuuliza kama kidonge chafaa kumezwa na tende, maana mwanawe tangu utotoni ana tabia ya kutapika dawa. Daktari akasema chafaa sana, hata ni bora tumboni kuwe na kitu. Mama akatia mkono ndani ya buibui akatoa tende mbili zilizofungwa kwenye karatasi, akaikunjua juu ya meza ya hospitali, tende moja akaitoa kokwa kwa kucha, akanipa.

Nilikuwa sijameza dawa ya siku ile. Nikameza mbele yao, na tende ya pili mama akampa daktari.